Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusafiri kutoka Nairobi Kwenda Eldoret Kumwona Kurutu Wenu Akifuzu

Kijana aliyesajiliwa katika Jeshi la Ulinzi la Kenya, awe wa Jeshi la Nchi Kavu, la Anga au la Wanamaji, hupata mafunzo yake ya msingi katika chuo cha makurutu kilichoko Eldoret, na kwa jamaa wengi siku ya kufuzu ndiyo siku ya kwanza ya kumwona tangu aondoke nyumbani. Kwa familia inayoishi Nairobi kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara kabla ya kufika huko. Kwa sababu hiyo ushauri ninaoutanguliza ni huu: laleni Eldoret usiku wa kuamkia gwaride. Familia nyingi hukata shauri la kuondoka Nairobi saa sita au saa saba za usiku ili kuepuka gharama ya malazi, zikitumaini kufika alfajiri, na hapo ndipo mipango ya wiki nzima huharibika. Gurudumu moja likipasuka Gilgil, au lori moja likipinduka mbele yenu, mtafika wakati lango limefungwa na gwaride limeanza, na hakuna wa kumlalamikia, kwa kuwa ratiba ya jeshi haimngojei mzazi.

Barabara yenyewe inahitaji heshima. Kutoka Nairobi mtapita Limuru, Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha mpande kuelekea Mau Summit, Timboroa na Burnt Forest kabla ya kuingia Eldoret. Ukungu wa Limuru na Kinungi huziba macho ya dereva saa za usiku na alfajiri, na sehemu za Salgaa na Sachangwan zimepoteza watu wengi mno kwa miaka mingi hata kila Mkenya anazijua kwa majina. Magari ya abiria yanaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa na si zaidi, kwa hiyo hata siku ambayo barabara iko wazi hesabuni saa sita au saba, pamoja na kusimama Nakuru kwa chakula na haja. Ikiwa safari inaangukia mwisho wa wiki, au karibu na sikukuu, ongezeni muda, kwani msongamano kati ya Naivasha na Nakuru unaweza kumeza nusu ya siku. Mkikodi matatu, mwulizeni mwenyewe mapema kama ana kibali cha kubeba abiria nje ya njia yake ya kawaida, ili msizuiliwe na maafisa wa trafiki mkiwa na wazee na watoto ndani. Wenye uwezo, au wenye mzee asiyeweza kukaa garini siku nzima, wanaweza kupanda ndege hadi Eldoret, safari isiyofika saa moja angani, lakini nauli hupanda kadiri tarehe inavyokaribia.

Kuhusu tarehe, kuna jambo linalowaumiza wengi. Siku ya gwaride hutegemea pia nafasi ya mgeni rasmi, ambaye anaweza kuwa Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu au Mkuu wa Majeshi, na tarehe inayotajwa mtaani miezi miwili kabla inaweza kusogezwa. Msilipie gari wala vyumba kwa malipo yasiyorudishwa mpaka kurutu mwenyewe apate nafasi ya kuwapigia simu na kuithibitisha, au mpaka itangazwe rasmi. Vyumba vya Eldoret hujaa wiki hiyo, kwa hiyo tengenezeni orodha ya nyumba za wageni mbili au tatu, mzungumze nazo mapema, kisha mlipe mara tu mtakapopata uhakika. Wenye ndugu Langas, Huruma au Kapsoya wawaombe hifadhi bila haya. Shughuli kama hii ndiyo inayofanya undugu uwe undugu.

Mtu yeyote akiwapigia simu akidai kuwa ni afisa wa chuo, kwamba kurutu wenu ameumia na zinahitajika pesa za hospitali, au kwamba majina yenu hayataingia katika orodha ya wageni mpaka mtume kiasi fulani kwa simu, msitume hata shilingi. Wazazi walio na hamu ya mtoto wao ni rahisi kulaghaiwa. Andaeni kabla mtu mmoja katika familia ambaye simu za namna hiyo zitaelekezwa kwake, mwenye kichwa kitulivu, na wengine wote waambiwe wazi kwamba hakuna anayelipa kitu bila yeye.

Idadi ya watakaokwenda ndiyo inayozua maneno. Kila ukoo una shangazi aliyemlea, mjomba aliyemlipia karo, rafiki wa utotoni, mchumba, na majirani wa ploti waliochangia nauli yake ya kwenda kusajiliwa. Hata hivyo kiwanja kina mipaka na makurutu ni wengi, na wageni wanaoruhusiwa kwa kila kurutu hawawezi kulingana na ukubwa wa ukoo wake. Muulizeni yeye mwenyewe anataka nani awepo, kisha muuheshimu uamuzi wake. Wazazi waliotengana waelewane kabla ya safari kuhusu nani atakaa wapi na nani atampokea kwanza, kwa sababu kurutu aliyesimama wima kwenye jua kwa saa kadhaa hastahili kutoka gwarideni na kuingia katika ugomvi wa nyumbani. Watakaobaki Nairobi waandaliwe siku yao, akija likizo, na waambiwe hivyo mapema wasije wakahisi wametupwa.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha taifa, na si picha yake iliyo kwenye simu. Kwa watoto beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, hata kama huenda isiulizwe. Mavazi yawe ya heshima na yanayofaa hali ya hewa. Eldoret iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 2,100, zaidi ya Nairobi, na asubuhi yake ni ya baridi kali, ilhali kufikia saa tano jua huwa linachoma. Mtu atahitaji sweta anayoweza kuivua, na kofia. Mvua za huko hunyesha sana kuanzia Machi hadi Septemba, kwa hiyo koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, ambao huwaziba walioketi nyuma. Akina mama wavae viatu visivyo na visigino vyembamba, maana huenda mkatembea kwenye nyasi. Kubwa kuliko yote, asiwepo mgeni hata mmoja, wala mtoto mdogo, aliyevaa kofia, suruali au fulana yenye mabaka ya kijeshi. Sheria ya Kenya inawakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na kuvaa hivyo langoni mwa kambi ni kujitafutia balaa siku ya furaha.

Mizigo iwe michache. Mtakaguliwa, na foleni ya ukaguzi huenda polepole kadiri watu wanavyobeba vikapu. Pombe ibaki Nairobi. Kisu cha kukatia keki, ambacho wengi hukisahau ndani ya kikapu cha chakula, kibaki garini pamoja na chupa za vioo. Ndege ndogo ya kupiga picha isiyo na rubani isiletwe kabisa. Kuhusu simu, jiandaeni kwa uwezekano kwamba mtatakiwa kuziacha langoni au kuzizima, na matayarisho ya hali hiyo ni rahisi ingawa wachache huyafanya. Andikeni namba muhimu kwenye karatasi, kwa sababu siku hizi hakuna anayekumbuka namba kichwani. Bebeni pesa taslimu kidogo, kwani asiye na simu hawezi kulipia hata soda. Kisha, kabla ya kupita lango, kubalianeni mahali pa kukutania mkipotezana, na kila mtoto aoneshwe mahali hapo kwa macho. Mahali pa kupiga picha ni pale tu mtakapoelekezwa. Magari, silaha na majengo ya kambi si vya kupigwa picha, hata kama kijana wenu amesimama mbele yake akitabasamu.

Wazee wanaotumia dawa za presha au sukari wabebe dozi ya siku mbili, pamoja na maji na kitu cha kutafuna, kwa kuwa kuingia ni asubuhi na mapema na chakula kinaweza kuchelewa hadi alasiri. Kwa asiyeweza kusimama au kutembea mbali, mjulisheni askari wa langoni mara mnapofika. Kusubiri hadi katikati ya umati ndipo mwombe msaada ni kuchelewa. Mama mwenye mtoto mchanga afikirie kwa dhati kama safari hii inamfaa.

Kuhusu gwaride lenyewe, ni vyema mjue kwamba hamtamtambua kwa urahisi. Makurutu wote wamenyolewa, wamevaa sare, wamesimama kwa mstari, na miezi ya mafunzo imeubadilisha mwili wa kila mmoja wao. Anapopiga simu mara ya mwisho, mwulizeni yuko kombania gani, yaani kundi gani la makurutu, na atasimama upande gani. Hafla ina mpangilio wake: makurutu huingia kwa bendi, mgeni rasmi hupokewa kwa saluti na kukagua gwaride, vikosi hupita mbele yake kwa mwendo wa pole na mwendo wa haraka, waliofanya vizuri hutuzwa, na hotuba hutolewa. Wimbo wa taifa unapopigwa simameni wima, vua kofia, nyamazisheni watoto. Msimwite jina akiwa kwenye mstari, maana akigeuza shingo ataadhibiwa yeye na si ninyi, na msikanyage uwanja wa gwaride kabla ya kuruhusiwa. Mashada ya maua na riboni za kung'aa tunazowavika wahitimu wa vyuo yakae mfukoni hadi mwulize kama anaweza kuvikwa akiwa na sare. Vigelegele vina wakati wake, nao utafika.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote, na ambalo familia huliahirisha hadi linapozuka lenyewe, ni habari za nyumbani ambazo kurutu hakuambiwa. Miezi ya mafunzo ni mirefu. Huenda nyanya yake amefariki na kuzikwa, mzazi amegundulika kuwa na ugonjwa, au shamba limeuzwa, na watu wazima wakaona wamfiche ili asivunjike moyo na kuacha mafunzo. Sisemi kwamba mlikosea. Lakini siku ya kufuzu atatazama nyuso zilizokuja, ahesabu, kisha aulize: yuko wapi fulani? Asipoandaliwa mtu wa kumjibu, kila mmoja atageuka pembeni na mtoto wa miaka saba ndiye atakayesema. Kaeni kikao kabla ya kuondoka Nairobi, mteue mtu mmoja anayempenda na anayemwamini, mkubaliane atamwambia lini na wapi. Mimi ningependelea aambiwe siku ileile, baada ya kula, kando na umati, na mtu asiyelia kwa sauti. Wengine wataona heri angoje afike nyumbani. Chochote mtakachoamua, asidanganywe akiuliza waziwazi.

Muda wa kukaa naye baada ya gwaride unaweza kuwa saa chache tu. Wengine hupewa likizo, wengine hupangiwa mafunzo zaidi au vituo vya kazi moja kwa moja. Kwa hiyo msikodi ukumbi wala msichinje mbuzi Nairobi kwa kudhani mtarudi naye. Chakula mtakachobeba kiwe cha kuliwa kwa mkono mkavu, kama chapati na kuku wa kukaanga usio na mchuzi, kwa sababu tone moja la mchuzi kwenye sare yake ni shida atakayoishughulikia peke yake usiku. Kama mnamletea nguo za kiraia, msinunue kwa vipimo vya zamani.

Picha mtakazopiga zikaguliwe kabla hazijatumwa kwenye makundi ya familia. Tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia mwezi wa Oktoba 2011, askari na jamaa zao wamekuwa na sababu ya kutosha ya kunyamaza kuhusu namba ya utumishi, kikosi na kituo cha mtu. Pongezi zinaweza kutolewa bila hayo yote.

Kabla ya kuagana, mwulizeni anatakiwa kuripoti wapi na lini, kama ana nauli, na kama fomu za jamaa wa karibu zina majina na namba za simu zinazofanya kazi bado. Mwulizeni pia atawezaje kupatikana akiwa hana simu. Kisha, ikiwa hafla imekwisha baada ya saa tisa, rudini mlipolala, mpumzike, na mwondoke kesho yake asubuhi, dereva akiwa amelala usingizi wa kutosha.