Gari Lako Likikwaruzwa Maegeshoni: Kosa ni la Nani, na Bima Inalipa Vipi

Mkwaruzo wa gari lililoegeshwa huonekana jambo dogo mpaka pale fundi rangi anapokutajia bei. Katika mitaa ya Kariakoo na Posta jijini Dar es Salaam, ambako magari hubanana pande zote mbili za barabara huku bajaji zikipenya katikati, watu wengi huyamaliza kwa kupeana namba za simu na kuagana vizuri, na baada ya siku chache simu ikawa haipokelewi tena. Maelezo yafuatayo yanahusu Tanzania, na yameandikwa zaidi kwa ajili ya mwenye gari asiye na kosa.

Ukikuta gari lako limekwaruzwa, usilisogeze wala usilifute kwa kitambaa kabla hujapiga picha. Rangi ya gari lililokugonga mara nyingi hubaki juu ya bampa au mlango wako kama ukoko mwembamba, na rangi hiyo, pamoja na kimo cha mkwaruzo kutoka ardhini, ndiyo itakayooanishwa na kona ya gari la mwenzako endapo atabadili maneno. Piga picha za karibu, kisha rudi nyuma upige za mbali zinazoonyesha namba za magari yote mawili, mistari ya maegesho, uelekeo wa matairi na alama yoyote ya barabarani iliyo jirani. Ukishamaliza, pitisha ukucha taratibu kukatisha mkwaruzo: ukiteleza bila kunasa, huenda polishi ikatosha, ukinasa, rangi imekatika na kipande hicho kitahitaji kupigwa rangi upya. Kwenye bampa uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa plastiki hurudi mahali pake baada ya kubonyea, na vishikizo vya ndani au vya taa vinaweza kuwa vimevunjika pasipo kuonekana kwa nje.

Andika jina la dereva, namba yake ya simu, namba ya leseni, namba ya gari na jina la kampuni yake ya bima. Usiridhike na kuambiwa kwamba bima ipo. Hakiki mwenyewe kwa simu yako kupitia mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambako namba ya usajili wa gari inatosha kukuonyesha kama bima ni halali na inaisha lini. Mwombe pia mlinzi au muuza duka aliyeshuhudia akupe jina na namba yake, na kama jengo lina kamera, onana na uongozi siku hiyohiyo, kwa sababu picha za kamera hufutika zenyewe kadiri mpya zinavyorekodiwa.

Kuhusu kosa, kwa kawaida linamwangukia dereva aliyekuwa katika mwendo, kwa kuwa gari lililosimama halina namna ya kukwepa. Hata hivyo, ukiwa umeegesha kwenye kona, umeziba njia, au umeacha gari gizani likiwa limejitokeza barabarani, mwenzako hafutiwi wajibu wa kuwa mwangalifu, ila fidia yako inaweza kupunguzwa. Na ikiwa ulifungua mlango ukampiga anayepita, au gari lako liliserereka kwa kuwa breki ya mkono haikuvutwa, basi mwenye kosa ni wewe. Kibao kinachosema kwamba magari yanaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe humlinda mwenye eneo. Hakimlindi hata kidogo dereva aliyekugonga.

Polisi wa usalama barabarani waitwe hata kama mkwaruzo ni mdogo, iwapo kuna ubishi wowote au iwapo unakusudia kudai bima, kwa kuwa kampuni za bima kwa kawaida hutaka ripoti ya polisi kabla ya kufungua dai. Dereva akikubali kosa na kuandikiwa faini, tunza nakala au picha ya karatasi hiyo, kwani ni ushahidi mzito kwamba kosa limekwishaamuliwa.

Kuelewana bila bima ni njia halali, na kwa mkwaruzo mdogo mara nyingi ndiyo njia bora. Kinachotakiwa ni maandishi: tarehe, mahali, namba za magari, nani amekubali kosa, kiasi gani kitalipwa na lini, kisha sahihi za wote wawili na shahidi mmoja. Usikubali kiasi chochote kabla fundi hajafungua bampa na kutazama ndani. Aliyegonga naye ajihadhari, kwa sababu mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Akishaahidi, anaweza kujikuta analipa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Kama una bima ndogo, kampuni yako haitatengeneza gari lako, kwa sababu bima hiyo hulipa hasara unayowasababishia wengine. Itakubidi udai kwa kampuni ya aliyekugonga. Kama una bima kubwa, ambayo hulipia pia gari lako mwenyewe, unaweza kudai kwa kampuni yako, nayo ikamfuata mkosaji au bima yake. Kabla ya kufanya hivyo, piga hesabu. Tuseme matengenezo ni shilingi 350,000 na mkataba unakutaka uchangie angalau 300,000 katika kila dai: utapata 50,000 tu, na huenda ukapoteza punguzo la kutokudai utakapokata bima mwaka unaofuata. Kwa hesabu ya namna hiyo, mimi ningemdai mkosaji moja kwa moja. Lakini aliyekugonga asipojulikana, bima kubwa ndiyo tegemeo lako pekee.

Toa taarifa kwa kampuni mapema, ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, hata kama hujaamua kudai. Usitengeneze gari kabla mkaguzi wa bima hajaliona, na makadirio ya gereji yataje kila kazi peke yake: kunyoosha bodi, kupiga rangi, vipuri. Rangi zenye kumetameta zinahitaji kuoanishwa na kipande cha jirani ili kiraka kisionekane, na gharama hiyo husahaulika mara kwa mara, isisitize iandikwe.

Utakapoletewa hati ya kukubali malipo, isome yote kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa ukishasaini huwa umefunga dai lote, pamoja na hasara utakayoigundua baadaye. Kampuni ikikataa kulipa au ikikuzungusha, iombe ikupe sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha picha, ripoti ya polisi, makadirio ya gereji na barua zote mlizoandikiana.