Jinsi ya kuyakinga mapafu na parakwati, na mahali halisi pa antioksidanti

Wapuliziaji dawa wengi mashambani huamini kwamba glasi ya maziwa au ya juisi ya mapera baada ya kazi huisafisha sumu kifuani. Kwa parakwati, dawa ya magugu iliyoingia sokoni mwaka 1962 na kupigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007, imani hiyo ni ya hatari. Naanza na namna sumu hii inavyofanya kazi, kwa kuwa kinga yote inatokana na hapo.

Parakwati ikishaingia kwenye damu, seli za vifuko vya hewa huivuta ndani kwa sababu umbo lake linafanana na poliamini, kemikali ambazo seli hizo huzihitaji; ndiyo maana hulundikana mapafuni kuliko ilivyo kwenye damu. Humo hunyakua elektroni na kuikabidhi oksijeni, nayo oksijeni hugeuka kuwa supaoksidi, ambayo huzaa kemikali zinazounguza kuta za seli. Baada ya hapo parakwati hurudia hali yake ya mwanzo na kuanza tena, mzunguko baada ya mzunguko, hivyo kiasi kidogo tu hufanya uharibifu mkubwa. Antioksidanti za mwili, yaani kemikali zinazozizima hizo zinazounguza seli, hasa ile iitwayo glutathioni, hupambana nayo, lakini mzunguko huohuo hula akiba ya NADPH, kemikali ambayo mwili huitumia kuihuisha glutathioni. Akiba ikikauka, ndani ya siku au wiki chache mapafu hujaa makovu, na mgonjwa hukosa pumzi huku akili yake ikiwa timamu.

Kwa hiyo kinga ianzie kwenye bomba la kupulizia. Soma lebo, na ukiliona neno paraquat, kwanza jaza bomba maji matupu, livae mgongoni, tembea nalo hatua kadhaa, kisha pitisha kiganja kwenye shati. Likiwa limelowa, mpira wa kifuniko umechakaa au tangi lina ufa, na siku hiyo usipulizie. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu huogopa mvuke na kusahau mgongo: matone mengi ya kupulizia ni makubwa, huishia puani na kooni, ilhali shati lililolowa dawa na kuachwa mwilini kutwa nzima, hasa juu ya ngozi yenye michubuko, limewahi kuua. Vaa glovu, buti na miwani. Kamwe usihamishie dawa kwenye chupa ya soda, kwani funda moja la dawa isiyochanganywa na maji linatosha kumuua mtu mzima.

Dawa ikikumwagikia, vua nguo mara moja na uoge kwa sabuni na maji mengi. Macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, wala asisubiri dalili. Apelekwe hospitali papo hapo pamoja na chupa yenyewe, akapewe mkaa maalumu wa kunasa sumu tumboni. Watajieni wahudumu jina la dawa, kwa kuwa oksijeni, ambayo karibu kila mgonjwa anayehema hupewa, huichochea sumu hii, na madaktari huitoa pale tu inapokuwa hakuna budi. Huenda wakampa asetilisisteini, dawa inayousaidia mwili kutengeneza glutathioni, au vitamini C na E, ambazo pia ni antioksidanti. Dawa hizo zimewasaidia wanyama wa maabara, lakini kwa binadamu haijathibitika kwamba zinaokoa maisha.

Mapera, ubuyu, mchicha na karanga vina vitamini hizo, na ni vyema kuvila kila siku kwa ajili ya afya, si kama tiba ya sumu. Vidonge vya antioksidanti ni jambo jingine. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, na waliopewa miligramu 20 za betakarotini, antioksidanti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kila siku waliugua saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 18. Mpuliziaji anayevuta sigara asivinunue vidonge hivyo. Fedha hiyo inunue glovu na mpira mpya wa kifuniko cha bomba.