Jinsi ya kwenda Chamazi kuwacheki Serengeti Girls

Serengeti Girls, yaani timu ya taifa ya Tanzania ya wasichana chini ya miaka 17 (U17), wakipangiwa mechi Azam Complex, uwanja ulioko Chamazi, Dar, we toka nyumbani mapema, shuka Mbagala Rangi Tatu unganisha gari za Chamazi, usisubiri mpaka saa kumi maana foleni ya pale haina huruma. Beba chenji na kofia, tena kaa mahali jua halikupigi usoni, mi niliwahi kuangalia kipindi kizima nimejikinga na kiganja. Mshkaji akikwambia "aah, mechi za watoto wa kike" mkumbushe Kombe la Dunia la U17 2022 kule India hawa mabinti walimpiga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali, Colombia ndo akawatoa. Kombe la Dunia la U17 wasichana tangu 2025 ni kila mwaka, timu 24, kwahiyo mechi za kufuzu haziishi.