Maua ya juu ya zege, kwa kiangazi cha Dodoma

Bibi yangu kule Mvumi aliishi kwenye tembe, paa lake miti na udongo. Mvua za Desemba zikianza, majani yaliota juu, naye alipanda kuyang'oa: mizizi, alisema, humfungulia maji mlango. Nilipoamua kuotesha maua juu ya paa la zege la jiko langu hapa Nkuhungu, nilipaswa kuanza na neno hilo. Sikuanza nalo, na ukuta wa jiko ukabambuka rangi. Nilishusha udongo wote kwa ndoo, paa likapakwa lami upya.

Kwa hiyo, kwanza muulize mhandisi kama zege lako litabeba. Udongo wa kina cha sentimita 10, ukilowa, hufika kilo 160 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Paa la bati liache. Akikubali, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kina cha vidole viwili, yakae siku mbili huku ukikagua dari. Dari ikibaki kavu, zibua tundu, tandika nailoni nzito isiyo na tundu, juu yake changarawe, kisha magunia ya sandarusi yapitishe maji na kuzuia udongo. Njia ya maji ibaki wazi.

Kwenye udongo ndipo wengi tunapokosea kwa huruma. Mara ya kwanza nilijaza samadi ya mbuzi. Portulaka, maua mafupi yenye majani manene, zikanenepa majani bila ua, mvua za Januari zikaziozesha shinani. Sasa nachanganya ndoo mbili za mchanga mnene wa korongoni, moja ya udongo, moja ya chenga za mkaa, na konzi chache tu za samadi iliyokaa mwaka.

Portulaka ndiyo ya kuanza nayo. Kata kijiti cha urefu wa kidole, kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha kichomeke. Maua hufunguka jua likishapanda na kujifunga alasiri, kwa hiyo anayetoka kazini jioni asidhani yamekufa. Waridi la jangwa linapenda paa kuliko mmea wowote ninaoujua: shina lake limevimba kama kibuyu, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji. Utomvu wake ni sumu, watoto wasiuguse. Mshubiri nao huinua mkuki wa maua, na ndege aitwaye chozi huja asubuhi kunyonya asali. Bogenvilia ibaki chini. Mizizi yake ni ile aliyoihofia bibi.

Panda mvua za kwanza zikishalowesha udongo, ili mizizi ishike kabla ya Mei. Baada ya hapo ni miezi saba hivi bila mvua ya maana. Usimwagilie kwa kuhesabu siku. Bonyeza jani la portulaka kwa vidole: likiwa gumu kama zabibu mbichi, ondoka na ndoo yako, likilegea na kukunjamana, mwagilia jioni hadi maji yachuruzike tunduni. Kwangu huwa mara moja kwa wiki, na waridi la jangwa nalipitia kila wiki ya tatu.

Upepo wa Juni na Julai hupeperusha udongo mkavu. Funika nafasi kati ya miche kwa kokoto ndogo, ila zisigusane na mashina, kwa kuwa mchana huwaka moto na kuyababua.