Jinsi ya kupunguza masaa ya kazi kupitia chama cha wafanyakazi, kwa mnaopiga kumi na mbili kwa kumi na mbili hapa Dar

Kama uko viwandani Chang'ombe au Barabara ya Nyerere, au unalinda geti la watu Masaki, hii ratiba unaijua: unaingia saa 12 asubuhi unatoka saa 12 jioni, siku sita, halafu bado hujagombania daladala ya Mbagala, unafika home watoto washalala. Wengi wanaamini ndo kazi zilivyo. Sio kweli bana, ila kulalamika kwa mama ntilie hakupunguzi hata dakika, na mgomo sio pa kuanzia, anza na kalamu.

Kwanza jua namba zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 19, masaa ya kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Yanayozidi hapo ni ovataimu, na ovataimu ni makubaliano sio amri ya supavaiza, haitakiwi ipite masaa 50 ndani ya wiki nne, inalipwa mara moja na nusu, na siku nzima jumla isizidi masaa 12 hata kama wewe mwenyewe umekubali. Ukipiga zaidi ya masaa matano mfululizo una mapumziko ya dakika 60. Siku yako ya kupumzika na sikukuu ni mara mbili. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5, ni kidogo mpaka inachekesha lakini kuna watu hata hiyo hawaioni.

Sasa piga hesabu ya ratiba yako. Toa lisaa la kula, unabaki na masaa 11 kwa siku, mara 6 ni 66, toa 45 yanabaki 21 ya ovataimu kila wiki, yaani 84 kwa wiki nne wakati mwisho ni 50. Kwa hiyo hata bosi angelipa kila senti bado ratiba yenyewe imevunja sheria, hapo ndo watu wengi hawajui. Na kama mshahara ni laki tatu, gawa kwa 195 (ni masaa 45 ya wiki mara wiki 4.333 za mwezi) unapata kama 1,538 kwa saa, ovataimu 2,307, zidisha kwa 84 uone hela inayopotea, inapita laki na tisini.

Daftari sasa. Kila mtu awe na lake dogo, aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, kama alipumzika kweli au alikula huku mashine inazunguka, maana ukilazimishwa kukaa standbai muda wa kula huo muda unatakiwa ulipwe. Usitegemee daftari la getini, kuna sehemu ukilifungua unakuta wafanyakazi wote wametoka saa 9 alasiri, mwandiko mmoja, kalamu moja. Tunza na salari slipu.

Angalieni na mikataba yenu. Kuna ujanja wa kuwaambia "mlisaini masaa 12". Ni kweli sheria inaruhusu kwa maandishi siku ya masaa 12 bila ovataimu, ila isizidi siku 5 kwa wiki na masaa 45 yale yale. Masaa 12 mara siku 6 haiingii hapo hata uikunje vipi.

Ndo uende kwenye chama. Kiwandani, madukani na benki wengi wako TUICO, hotelini na wadada wa majumbani CHODAWU, usafirishaji COTWU. Chama kilichosajiliwa kina haki ya kuingia eneo la kazi kuongea na wafanyakazi, kwa utaratibu unaoeleweka, bosi hawezi kufunga geti tu. Kujiunga mnajaza fomu TUF 6, ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Lengeni kupita nusu ya wafanyakazi wa kundi lenu, kwa sababu chama chenye wengi ndo kinatambuliwa kujadiliana kwa niaba ya wote. Na grupu la WhatsApp msifungue mapema jamani, skrinishoti itafika kwa HR kabla ya chai ya saa nne. Nendeni mtu kwa mtu.

Hapa pagumu sio bosi, ni wenzenu. Kuna jamaa atakwambia acha ovataimu yangu, ndo kodi ya nyumba hiyo, na ana pointi, mshahara ni mdogo ndo maana watu wanauza usingizi. Ukija na "tupunguze masaa" peke yake umeshindwa. Mpelekee ile hesabu ya 2,307, mwambie alipwe kwanza anachodai kihalali, na mkienda mezani masaa na mshahara viende pamoja. Binafsi sioni njia nyingine ya kumpata huyu mtu.

Mezani mnatafuta mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri. Andikeni vitu vinavyopimika: kikomo cha ovataimu kwa wiki, ratiba ya shifti ibandikwe mapema, mwakilishi wa tawi aruhusiwe kukagua daftari la mahudhurio kila mwezi, usafiri kwa wanaotoka usiku. Maneno kama "mwajiri atajitahidi" futeni.

Bosi akikataa kujadiliana au halipi, chama kinawasaidia kujaza fomu namba 1 ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai yasiyo ya kufukuzwa kazi yana siku 60 tangu mgogoro uanze, ya kufukuzwa ni 30, msizembee. Mgomo upo kisheria, baada ya usuluhishi kushindikana, kura, na notisi ya masaa 48, na makuli wa bandari ya hapa hapa Dar waligoma 1947 mpaka ikasambaa kwenye reli, ila mgomo wa hasira wa asubuhi moja ndo unaompa bosi sababu ya kuwafukuza.

Mkishasaini, nakala moja inaenda kwa Kamishna wa Kazi, nyingine ibaki kwa mwakilishi wa tawi, nje ya ofisi, maana HR mpya akija swali lake la kwanza ni hayo masharti mmeyatoa wapi.