SOMO: Kupunguza unene wa uso, kuanzia kwenye chanzo

Uso ukijaa, wengi hukimbilia mazoezi ya mashavu, barafu au malimao. Kabla ya yote hayo kuna swali la kujibu: kilichojaa ni maji, ni mafuta, ni matokeo ya dawa, au ni msuli wa taya? Kila kimoja kina njia yake, na njia ya kimoja haikisaidii kingine. Ndiyo maana mtu anapunguza chumvi mwezi mzima na uso uko palepale, na mwingine anakimbia kila asubuhi kumbe kilichomjaza uso ni krimu anayojipaka.

HATUA YA 1: Jipime kwa siku 3

Piga picha ya uso ukiamka, kisha tena saa 12 jioni, siku 3 mfululizo. Simu iwe umbali wa mita 1 na nusu, usawa wa macho, mahali pale pale na mwanga ule ule. Usitumie selfi ya mkono, kwa sababu kamera ikiwa karibu hukuza pua na kupotosha umbo la uso. Chukua na futi ya fundi cherehani, upime shingo na kiuno, uandike.

Sasa soma matokeo. Uso uliovimba asubuhi, hasa kwenye kope, kisha ukapungua kadiri siku inavyokwenda, ni maji. Uso ulio vile vile asubuhi na jioni, huku shingo na kiuno navyo vimeongezeka miezi ya karibuni, ni mafuta. Uso uliokuwa wa mviringo ndani ya wiki chache, mashavu yakaziba masikio ukitazamwa kwa mbele, ilhali mikono na miguu ni myembamba, fikiria dawa. Na kama upana uko kwenye pembe za taya, uma meno kwa nguvu huku vidole viko pale. Ukihisi donge gumu linachomoza pande zote mbili, huo ni msuli, na habari yake iko kwenye jibu la bigijii mwishoni.

HATUA YA 2: Kama ni maji

Hapa chumvi ndiyo kesi kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, na humo ndani imo chumvi ya vyakula vyote. Kuambiwa "punguza chumvi" hakumsaidii mpishi, kwa hiyo fanya hivi: nyumba ya watu wazima 4, kila Jumatatu toa gramu 100 za chumvi, weka kwenye kopo lake. Hiyo ndiyo ya wiki nzima. Hesabu kamili ni gramu 140, lakini zile 40 ziachie mkate, soseji, chipsi za njiani na vinginevyo vinavyokuja na chumvi yao. Kwa mpango huu pakiti ya nusu kilo inatakiwa ifike wiki 5. Nyumba nyingi zikijaribu zitakuta kopo limeisha Alhamisi.

Vidonge vya supu ndivyo vinavyowaponza wengi. Karibu nusu ya uzito wa kidonge ni chumvi, kwa hiyo kidonge cha gramu 4 kina kama gramu 2. Ukitia kidonge, chumvi usiongeze. Samaki wa chumvi kama ng'onda mloweke usiku kucha, mwaga maji, mwoshe, umloweke tena kabla ya kupika.

Mengine ni mafupi. Chakula cha usiku kiliwe muda wa saa 3 kabla ya kulala. Lala kwa muda wa saa 7 hadi 9, kichwa kimeinuka kidogo kwa mto wa pili. Pombe ya usiku huonekana kwenye kope asubuhi, na mchanganyiko wa bia na nyama choma yenye chumvi ndio mbaya zaidi. Maji kunywa kama kawaida. Kujinyima maji hakuondoi uvimbe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 5 hadi 10, hupunguza uvimbe wa asubuhi kwa muda tu. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, inaunguza.

Ndani ya siku 4 hadi 7 picha za asubuhi zinatakiwa zibadilike. Zisipobadilika, rudi hatua ya 1.

HATUA YA 3: Kama ni mafuta

Hakuna zoezi wala chakula kinachochagua mafuta ya shavuni. Mwili ukihitaji nishati huchota kwenye akiba yake yote, na kila mwili una mpangilio wake. Wengine uso hupungua kwanza, wengine tumbo. Kwa hiyo uzito wa mwili mzima ndio wa kushughulikia: nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo 1.

Nusu kilo kwa wiki ni upungufu wa kama kalori 500 kwa siku. Usijinyime mlo, tafuta za kutoa. Chapati moja kubwa ya mafuta ni kama kalori 250. Soda ya mililita 300 ni kama 120, na ina sukari karibu vijiko 7 vya chai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni 120. Ukitoa hivyo vitatu tu umemaliza hesabu ya siku. Mafuta yapimwe kwa kijiko: ukimimina toka kwenye chupa, vijiko 4 vinaingia kwenye sufuria bila wewe kujua.

Sahani yenyewe: nusu mboga za majani na kachumbari, robo maharage, samaki, kuku au mayai, robo iliyobaki ugali au wali. Watu hukosea kwa kukata ugali na protini kwa pamoja, wakabaki na mchicha mtupu. Siku ya 5 njaa inawashinda. Protini ndiyo inayoshibisha na kulinda misuli.

Kutembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2, kama kuchuchumaa na pushapu. Kasi iwe ile ya kuweza kuongea lakini usiweze kuimba.

Tahadhari moja: wiki ya kwanza unaweza kupoteza kilo 1 hadi 2, na sehemu kubwa ni maji. Wiki ya 3 mzani ukipunguza mwendo, mpango haujashindwa. Piga picha kila baada ya wiki 4, usikae kwenye kioo kila siku. Na usiharakishe, hasa ukiwa umepita miaka 40, maana kupungua kwa ghafla huiacha ngozi ya mashavu na kidevu ikining'inia.

HATUA YA 4: Kama ni dawa au krimu

Someni hapa kwa makini, ndipo penye madhara makubwa. Dawa za steroidi huhamishia mafuta usoni, nyuma ya shingo na tumboni. Kwenye pakiti utasoma prednisolone au dexamethasone. Zina kazi halali hospitali, ila huuzwa pia kiholela kama vidonge vya kunenepesha, mara nyingine bila jina, vimefungwa kwenye karatasi. Krimu za kung'arisha ngozi zenye clobetasol au betamethasone, ikiwemo mikorogo inayochanganywa dukani, hupenya kwenye ngozi na kufanya vivyo hivyo ukijipaka mwili mzima kwa miezi. Dalili nyingine ni michirizi ya rangi ya zambarau tumboni au mapajani, ngozi kuchubuka upesi, sukari na presha kupanda.

USIACHE GHAFLA kama umetumia zaidi ya wiki 3. Tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake wakati dawa inaingia. Ukikata mara moja unaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikashuka ukaanguka, na watu hufa kwa hilo. Nenda kwa daktari na pakiti au kopo lenyewe, upangiwe kupunguza kidogo kidogo.

HATUA YA 5: Wasiosubiri

Uso unaovimba pamoja na mkojo wenye povu, au ukibonyeza muundi kwa sekunde 10 shimo linabaki: pima mkojo na figo wiki hiyo hiyo. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20 mwenye uso uliovimba, kichwa kuuma au kuona maluweluwe: hospitali leo, inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Midomo na ulimi kuvimba ghafla na pumzi kubana: dharura ya dakika hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina miaka 19, mwili mwembamba kabisa lakini mashavu makubwa tangu utotoni. Nifanyeje?
Jibu: Mdogo wangu, hilo ni umbile. Una mafuta ya ndani ya shavu na mifupa ya kurithi. Usipunguze kula, utakonda kifua na mikono huku mashavu yakibaki. Uso huendelea kupungua wenyewe miaka ya ishirini.

Swali: Kutafuna bigijii na mazoezi ya uso ya dakika 30, yanasaidia?
Jibu: Bigijii hukuza msuli wa taya, uso unapanuka. Mazoezi ya uso yalipimwa Marekani, utafiti mdogo uliotoka 2018, kwa wanawake wa miaka 40 hadi 65: mashavu yalionekana yamejaa zaidi. Walitaka hivyo, wewe unataka kinyume chake.

Swali: Mimi upande mmoja tu ndio umejaa, chini ya sikio.
Jibu: Mafuta hayajai upande mmoja. Ikiwa ni siku chache na kuna maumivu au homa, fikiria jino, tezi ya mate au matubwitubwi. Ikiwa ni uvimbe usiouma unaokua taratibu, upigwe ultrasaundi, usiukande.

Swali: Nanyonyesha, mtoto ana miezi 2. Naweza kuanza hatua ya 3?
Jibu: Ndiyo dada, ila usizidi nusu kilo kwa wiki. Toa soda na mafuta ya ziada, usikate milo. Maziwa yakipungua, rudisha chakula kwanza.

Swali: Kuna sindano ya kuyeyusha mafuta, nimeambiwa wanachoma hata mashavuni. Ni kweli?
Jibu: Dawa ya asidi ya deoksikoliki iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu pekee. Ikikosewa inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa taya, tabasamu likaenda upande. Shavuni haikuidhinishwa. Muulize anayechoma: dawa inaitwaje, na yeye ni daktari aliyesajiliwa? Asipokuonyesha kichupa chenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, ondoka.