Begi lako usiliache uwanja wa kwanza Marekani
Ndugu mnaotoka Dar au Nairobi kwenda Marekani kupitia Doha au Dubai: hata kama tagi ya begi imeandikwa mji wa mwisho, mkitua uwanja wa kwanza wa Marekani, tuseme Chicago, begi mnalichukua wenyewe kwenye mkanda, mnapita nalo forodha, kisha mnalikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Baada ya hapo mnakaguliwa upya. Chupa ya manukato mliyonunua njiani, ikizidi mililita 100, itieni kwenye begi hilo kabla ya kulikabidhi, la sivyo inaweza kuishia pipani. Foleni ya uhamiaji nayo huwa ndefu, na miguu imeshavimba kwa kukaa. Mnapokata tiketi, acheni saa tatu hivi kati ya ndege na ndege. Mama au baba anayesafiri peke yake, mwandikieni hatua hizi kwenye karatasi.